Gari Lisilo na Nyuma

Breki alitumwa na mkewe yadi ya magari kuchagua gari la milango minne, la kijivu, lisilo na makuu. Akarudi na kitu chekundu, kifupi, chenye viti viwili tu na paa la turubai linalokunjwa nyuma ya shingo. Alikipitisha mtaani polepole, paa limefunuliwa, kofia kaivua, kila mwenye macho aone. Na wenye macho walikuwa wengi.

"Mzee Breki! Nusu nyingine ya gari umeiacha wapi?" kinyozi wa kona aliuliza kwa sauti, mashine mkononi, mteja wake kaachwa na kichwa nusu.

"Nimewaachia wenye wivu," Breki akajibu, na hakusimama.

Jina hilo la Breki alipewa na watoto. Alikuwa dereva wa basi la shule tangu ujana mpaka mvi, na breki alikuwa akiikanyaga mapema mno, kona yenyewe bado haijajulikana kama ni kona. Watoto wakamcheka, jina likamganda, naye hakuudhika. Aliliona kama cheo. Kwenye basi hilohilo mlango wa nyuma ulikuwa wa mkewe. Yeye ndiye aliyewapandisha watoto na kuwashusha, akawafunga mikanda, akaamua ugomvi wa nani akae dirishani, na hakuwahi kuketi kabla wa mwisho hajaketi. Wakamwita Mama Mlango. Mume mbele, mke nyuma, katikati safu za viti na kelele za kupasua kichwa, mpaka siku shule ilipowaaga wote wawili kwa keki moja.

Viinua mgongo vyao walivichanganya ili wapate gari la kwanza lililo lao wenyewe. Makubaliano yalikuwa mepesi: Breki achague, Mama Mlango akubali. Mwenye yadi naye alikuwa mtoto wa basi lao, alianza kupanda kabla hajang'oka meno ya utotoni. Alimruhusu Breki akae na lile jekundu mpaka Jumamosi. Mama akilikataa lirudishwe, na hakuna atakayeulizwa neno.

Mama Mlango alitoka nje na povu la sabuni mikononi. Akalizunguka gari, akainama, akachungulia ndani, akanyooka.

"Viti vingine viko wapi?"

"Ndiyo hivyo hivyo viwili."

"Nimekutuma gari, umeniletea kiatu."

Binti yao, muuguzi, aliyekuwa amepita kuwasalimu akitoka kazini, alishika kiuno. "Jamani baba! Na wajukuu watakaa wapi?"

"Wajukuu wana baba yao, na baba yao ana gari," Breki alisema. "Mimi nimemaliza kubeba watoto."

Mama Mlango alikung'uta povu mikononi. Alirudi kwenye vyombo vyake, na kwa namna alivyoviweka kabatini, mtu yeyote aliyeoa angeelewa kwamba mambo si shwari.

Wiki hiyo Breki alitamba, tusimfichie. Asubuhi alilifuta gari kwa kitambaa laini hata kabla ya kunywa chai. Aliwafundisha majirani, wakitaka wasitake, jinsi ya kufungua zile klipu mbili juu ya kioo cha mbele, jinsi ya kulirudisha paa taratibu ili dirisha la plastiki la nyuma lisijikunje, na kwa nini hutakiwi kulikunja turubai likiwa na maji. Aliipenda gia yake fupi. Alipenda namna unavyoketi chini, karibu na lami, na gari likakutii kabla hujamaliza kuliambia. Mtu aliyepeleka basi refu kama darasa maisha yake yote, akipewa kitu kinachokata kona kwa kidole, mwacheni avimbe kichwa kidogo. Lakini kila jioni alimtupia mkewe jicho la wizi, na kila jioni mkewe alikuwa akitazama pengine. Bila neno la mkewe gari halikuwa lake, na Jumamosi ilikuwa inakuja.

Ijumaa mchana Mama Mlango akalainika. "Haya. Nitakaa, unizungushe. Nikisema hapana, ni hapana."

Alivaa gauni lake la kutokea, akafunga kitambaa kichwani, akatoka. Majirani walishapata habari. Kinyozi alikuwa amekaa mkao wa kula kwenye ngazi za duka lake. Breki alifungua mlango wa abiria, akasimama pembeni yake wima kama askari wa gwaride. Mama Mlango akaja, shingo juu, hatua za madaha. Akaupita mlango uliofunguliwa. Akampita mumewe. Akaenda moja kwa moja nyuma ya gari, akashika kitasa, akavuta, na buti likafunguka mbele yake. Ndani mlikuwa na tairi la akiba na jeki.

Mtaa mzima ukaangua kicheko.

"Panda tu, Mama Mlango!" kinyozi alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Panda, tutakufunikia!"

Mama Mlango alilifunga buti polepole. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. "Lirudishe," alimwambia mumewe, akaingia ndani.

Breki alimgeukia kinyozi. "Unamcheka nani wewe? Huyo ndiye aliyekufunga kamba za viatu mpaka darasa la tatu, na makamasi alikufuta! Mnacheka mkono unaojua mlango uko wapi? Huo mkono ndio uliowafikisha nyumbani wazima!"

Kicheko kikakatika. Kinyozi akajikuna shingo, akajidai ana mteja.

Ndani, Mama Mlango alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, kitambaa kakivua, kakikunja magotini. Breki akasimama mlangoni.

"Mama, nisikilize. Nimelichagua kwa ajili yako. Umekaa nyuma vya kutosha. Nilitaka na wewe ukae mbele kama mtu."

Hapo ndipo alipoharibu.

"Kama mtu?" Mama Mlango aliinua uso. "Kwani nyuma nilikuwa nini? Nani alikuambia nilikuwa nateseka? Nyuma palikuwa pangu! Miaka yote ile hakuna mtoto aliyedondoka kwenye mlango wangu, hata mmoja. Wewe ulikuwa unashika usukani wako na kukanyaga breki zako. Kazi ya kuogopa ilikuwa yangu. Usiku nilikuwa nawahesabu ndotoni. Leo unaniletea gari lisilo na nyuma, eti nikae kando yako kama ua, halafu niseme ahsante?"

  Breki akaketi kwenye kiti cha nguo, juu ya nguo zenyewe.

"Nimekudanganya," alisema. "Sikulichagua kwa ajili yako. Yale ya milango minne niliyajaribu yote pale yadi. Nikiwasha, nikiangalia kioo cha kuonea nyuma, naona viti vitupu. Mimi nimezoea nikiangalia kioo nakuona wewe umesimama kule mwisho. Nikikuona najua kila kitu kiko sawa, naondoka. Sasa naangalia, simwoni mtu. Mikono inatetemeka. Sikuweza hata kutoka getini, mama. Mimi! Mwenye yadi akadhani naringa. Hili dogo ndilo pekee nililoweza kuliendesha, kwa sababu halina mahali ambapo ungekuwepo na haupo."

 Mama Mlango aliujua uongo wa mumewe, na alijua huu haukuwa uongo. Kisha akakikunjua kitambaa, akakifunga upya kichwani, na safari hii akakikaza.

"Inuka, unakunja nguo," alisema.

Nje aliingia kwa mlango wa abiria, mbele ya wote, akalalamika kwamba kiti kiko chini mno na nani atamnyanyua wakifika. Hakuna aliyecheka. Breki aliwasha, akatoka taratibu, akakata mtaa, akaingia barabara ya bustani yenye miti pande zote mbili. Upepo ukaingia, jua likawaangukia magotini. Mama Mlango alishika dashibodi kwa mikono yote miwili. Barabara hii aliijua vizuri, lakini siku zote aliiona ikipita ubavuni. Kuiona ikija ilikuwa jambo jipya kabisa kwake, na alilipenda, ingawa hakuwa tayari kulisema.

Kona ya kwanza ikajitokeza kwa mbali. Breki, kama kawaida yake, akakanyaga breki mapema. Na midomo yake ikatembea.

"Taratibu. Umebeba watoto wa watu."

Mama Mlango akageuka. Uso wa mumewe ulikuwa umetulia, macho barabarani. Wakapita. Kona ya pili, breki, midomo ikatembea tena: "Taratibu. Umebeba watoto wa watu."

"Unasema nini?"

"Nani? Mimi? Sijasema kitu."

"Umesema. Kila kona unasema."

Breki akashangaa. Kwenye basi kiti cha dereva kilizungushiwa kioo, yeye peke yake mle ndani, na kelele za watoto zilijaa kila upande. Hakuna aliyewahi kumsikia. Hata yeye hakuwahi kujisikia.

"Nasema nini?"

Mama Mlango akamwambia, neno kwa neno.

 Mikono ya Breki ilikuwa imelala juu ya usukani, haitetemeki. "Basi nadhani nimekuwa nikisema tangu siku ya kwanza," alisema.

Mkewe akatazama mbele. Macho yalimjaa, na hakujisumbua kuusingizia upepo. Miaka yote alidhani hofu ile ni yake peke yake, kule nyuma, na mwenzake mbele anajiendeshea tu. Kumbe waliibeba wawili, mmoja kila mwisho wa basi, na watoto wote katikati wakafika.

"Pita yadi," alisema.

Breki alinyong'onyea. "Leo Ijumaa, mama. Alisema Jumamosi."

"Pita leo. Nataka nimwambie mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba gari letu halirudi. Na usikate njia za vichochoroni. Shika barabara kuu, watu watuone."

Breki akabadilisha gia.