Talaka Iliyotundikwa Kwenye Jaa

Mzee Hafidhi aliuza kanga za jumla Kariakoo, na maneno yote ya mahaba yaliyopita mikononi mwake yalikuwa ya kiwandani. Yeye mwenyewe alitamka neno zuri mara moja tu maishani, nalo nusura limvunjie nyumba.

Ilikuwa usiku wa harusi yake. Bibi harusi alikuwa Bi Moza; mama yake alikuwa ameolewa mara tatu na kuachwa mara tatu, na binti, kabla hajavua hata bangili, aliuliza, "Na wewe utaniacha lini?" Hafidhi akampeleka dirishani, akamwonyesha nyota kubwa nyeupe upande wa kibla, juu ya mapaa. "Ile ni Jaa, nyota ya kaskazini, haihami. Siku itakapohama mahali pake, siku hiyo umeachika."

Ndoa ikasimama juu ya maneno hayo. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakaoa. Mwaka huu Hafidhi akaamua kuyachapisha kwenye kanga ili amvishe mkewe: JAA HAIHAMI, NAMI SIHAMI. Sampuli ilipofika akaitundika mlangoni, na jirani yake Rogath akaja kuisoma. Rogath aliuza vipuri vya cherehani, lakini zamani alifundisha jiografia, na ualimu, kama malaria, haumtoki mtu kabisa.

"Mzee Hafidhi, utamwaibisha shemeji. Jaa inahama."

"Mchaga, rudi kwenye sindano zako."

"Nakwambia inahama. Dunia inazunguka kama pia ya mtoto inayotaka kulala, kichwa kinayumba polepole. Enzi za mafarao wa mwanzo nyota ya kaskazini ilikuwa nyingine kabisa. Hii ya leo nayo ni mpangaji tu."

"Inahama hata sasa?"

"Hata sasa, tunavyoongea. Tena hapa Dar hatuioni. Tuko kusini ya ikweta, yenyewe imejificha chini ya upeo wa macho. Kwani wewe uliiona wapi?"

Hafidhi akaeleza kwa sauti ndogo: nyota nyeupe, mwezi wa tisa, baada ya Isha.

Rogath akacheka mpaka akashika mlango. "Ile ni Vega, mzee wangu. Inachomoza na kuzama kama wenzake. Ila usikate tamaa. Baada ya miaka kama elfu kumi na mbili, ndiyo itakayokaa karibu na ncha ya kaskazini. Umewahi kidogo tu."

Hafidhi hakucheka. Aliishusha kanga, akafunga duka kabla ya adhuhuri, jambo ambalo Kariakoo hufanywa kwa moto au msiba. Njiani aliwaza. Kama Jaa inahama, Moza si mkewe siku nyingi. Kama nyota yenyewe ni ile iliyozama, basi hawakufika hata alfajiri. Akamkumbuka mwanawe mkubwa, Nurdin, anayefundisha madrasa, akashindwa kuendelea kufikiri.

Usiku huo alilala kwenye kochi, akasingizia mgongo. Mgongo ukauma mpaka Ijumaa. Baada ya swala akamfuata Sheikh Abdulswamad, ambaye alimsikiliza hadi mwisho bila kutabasamu, na haikuwa kazi ndogo.

"Ulipotamka, ulikusudia nini?"

"Kwamba sitamwacha. Nilitafuta kitu kisichowezekana, nikakikosea."

"Basi umekosea nyota, hukukosea ndoa. Nenda nyumbani. Lakini kamwambie mwenyewe."

Hilo ndilo lililokuwa zito. Mwanamke aliweka moyo wake wote juu ya kitu, na sasa aambiwe hakikuwepo.

Bi Moza alikuwa uani, anachambua mchele kwenye ungo. Hafidhi alisimama mlangoni.

"Mama Nurdin. Ile nyota niliyokuonyesha. Haikuwa Jaa."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu alfajiri yake." Vidole vyake havikusimama. "Niliamka nikaenda dirishani, nione kama bado niko kwangu. Haikuwepo. Nguo zangu zilikuwa bado sandukuni. Nikamuuliza kungwi wangu, akaniambia nyota haitoi talaka, nimtazame mume."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Nilianza kukutazama."

"Basi umeona sikuhama."

"Umehama, baba. Duka la kwanza lilipofilisika, ulihama. Mama yako alipofariki ulihama mwaka mzima. Ulikuwa humu ndani na hukuwemo." Akaokota kijiwe, akakitupa. "Ukarudi. Kila mara nilisubiri, ukarudi."

Mara hii Hafidhi hakutazama juu. Akavuta kibao, akaketi mkabala naye, akasogeza ungo mpaka ukakaa katikati ya magoti yao, akaanza kutafuta vijiwe.