Harufu ya Ikebana ya Tantine Benedicte

Enyi wakazi wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nanyi mlioko Lilongwe, natangaza rasmi kwamba sanaa tukufu ya ikebana imeingia nyumbani kwetu, na kwamba mimi, Divin Bisimwa, mwanafunzi wa bweni, ndiye msimamizi wake mkuu. Usimamizi wenyewe ulikuwa kuchota maji na kufukuza kuku.

Msanii alikuwa Tantine Benedicte, shangazi aliyenilea. Mwalimu mmoja Mjapani aliyepita kambini aliwafundisha wanawake wa cherehani ikebana, yaani kupanga maua machache tu kwenye sahani pana na kuacha nafasi tupu kati yake. Sasa Madame Sylvie, mwenye gesti kule Area 47, Lilongwe, alitaka mtu wa kumpangia maua kila wiki. Tantine alipewa Jumamosi moja tu ya kuonyesha kazi yake, na kibali cha kutoka kambini cha siku hiyohiyo.

Ilikuwa Novemba na mvua imegoma. Maua ya bustani yetu, yaliyolelewa kwa maji ya kuoshea vyombo, yalining'inia kama ndimi za mbwa. Maji ya sahani yakibadilishwa asubuhi, saa sita yanavuta utelezi kama bamia. Hata hivyo Tantine alichagua tawi moja la bogenvilia, ua moja jekundu la kana na nyasi mbili ndefu, akazichomeka kwenye ubao wa misumari, akauficha ubao kwa mawe meusi.

Jirani yetu Mama Kankindi, mpambaji wa altare kanisani, hakuweza kuivumilia ile nafasi tupu. Kila Tantine alipogeuka, yeye alichomeka ua la njano.

"Hapa pako wazi, dada. Bantu batasema ulikosa maua."

Tantine akiyang'oa, kesho yake yamerudi, yameshaanza kuoza. Nikaamua kumwokoa kwa elimu ya bwenini. Ijumaa mchana nilijaza usipa, dagaa wakavu wa ziwani, kwenye soksi, nikaisukuma chini ya mawe. Vile visamaki vikilowa, mkono wowote utakaokuja kuchomeka ua ungerudi na adhabu yake.

Mama Kankindi hakuja siku hiyo. Alikuwa na kwaya. Na nilipoamka Jumamosi kwenda kuitoa soksi, Tantine alikuwa ameshaifunika sahani kwa kitambaa kibichi na kuifunga kwa kamba. Niliipakata hadi Lilongwe ndani ya pikapu ya parokia, ambayo dirisha lake halifunguki.

Kabla hatujafika mbali dereva aliuliza nani alitosha viatu miguuni. Tantine akasema ni maji ya maua, jua njo linayaozesha, akaomba radhi njia nzima. Mimi nilipumua kwa mdomo. Huko nako niliuonja ule uvundo, mzito, wa chumvi, umeganda kwenye ulimi.

Barazani kwa Madame Sylvie kamba ilifunguliwa. Nzi walituwahi. Kana ilikuwa imesimama wima, nzuri kabisa, lakini Madame alikuwa ameshaziba pua kwa kitenge.

"Hii njo nitaweka karibu na chakula ya bageni?"

Tantine aliomba jagi la maji safi. Akaanza kuondoa mawe, la kwanza, la pili, kisha vidole vyake vikavuta kitu cheusi, kilichovimba, kinachodondosha uji wa kijivu. Kwenye ukingo wake palikuwa na uzi mwekundu: D. BISIMWA 114. Aliushona mwenyewe nilipoanza bweni, soksi zangu zisipotee.

Alifumba kiganja. Uji ukapenya katikati ya vidole, ukamchuruzikia kwenye kitenge chake cha Jumapili.

"Ni jua, Madame," alisema. "Ni jua tu."

Lakini macho yake yalishuka hadi miguuni kwangu. Madame Sylvie naye akayafuata. Mguu mmoja soksi ya bluu, mwingine nyeusi, yenye uzi mwekundu.

"Madame, maua hayana kosa," nilisema. "Usipa ni wangu. Soksi pia ni yangu, na mwenzake ni huyu nimevaa."