Ukoo Wenye Jicho la Moto

Msoma-moto alivua aproni, akaitundika kwenye msumari, akaenda zahanati ya kiwanda cha chupa kwa sababu chupa zilikuwa zikitoka na mapovu wiki nzima. Kazi yake ilikuwa kutazama ndani ya mdomo wa tanuri kwa macho matupu, na kusema kama kioo kimeiva au bado. Kabla yake pale alisimama mama yake, na kabla ya mama, bibi. Kiwanda hakikujisumbua kutangaza nafasi hiyo. Mmoja akichoka, meneja alituma mtu nyumbani kwao kuuliza kama kuna binti mwingine. Ilisemwa kwamba jicho la moto liko kwenye damu ya ukoo ule, na wenyewe walilirudia neno hilo kwa majivuno, bila kujua kwamba lingekuja kuwatokea puani.

Daktari alimmulika macho yote mawili, harakaharaka.

"Mama, huu ni ugonjwa wa mtoto wa jicho," alisema. "Lenzi zimefunga ukungu. Unahitaji upasuaji."

"Sawa. Kiwanda kitalipa lini?"

"Inategemea. Kuna mwingine kwenye familia aliyewahi kuupata?"

"Bibi, mama, na mjomba wangu fundi saa. Wako nje kwenye benchi."

Wote watatu walikuwa wamekufa zamani, ila suala lilikuwa la familia na hawakuona sababu ya kukosekana. Muuguzi alikuwa amewaomba wasogee kidogo ili mtu mwenye mguu uliovunjika apate pa kukaa. Daktari aliwaamkia, wakaitikia marahaba, akawapima mmoja mmoja kwa tochi ileile.

Ndani ya macho ya mjomba aliona ukungu tu, mwepesi, wa mzee aliyekaa kivulini maisha yake yote. Ndani ya macho ya bibi na ya mama ukungu ulikuwa mzito, na katikati yake mdomo wa tanuri ulikuwa bado unawaka. Daktari alirudisha kichwa nyuma kwa joto, lakini nyusi moja ilishaungua. Alimrudia msoma-moto, akatazama tena kwa utulivu. Tanuri lilikuwemo.

"Basi umeona," alisema mama yake msoma-moto, ambaye hata alipokuwa hai hakupenda kuzungushwa.

"Nimeona," alisema daktari, akijipaka mafuta kwenye nyusi. "Lakini mjomba hakufanya kazi kiwandani, na bado anao. Maana yake mnarithishana. Kuna vinasaba vinavyofanya lenzi izeeke mapema. Lenzi imejaa protini, ni angavu kama ute wa yai bichi. Kwenu ninyi huo ute unageuka mweupe upesi. Na kiwanda hakilipii ugonjwa wa kurithi."

"Mwanangu," alisema msoma-moto, "yai likikaa mezani linaiva?"

Daktari alizima tochi.

"Mjomba aliupata uzeeni, na mpaka anakufa alikuwa bado anafungua saa za mkononi. Mama aliacha kuuona uso wangu nikiwa bado shuleni. Vya ukoo ni vya ukoo, sikatai. Vya moto je?"

"Siwezi kuvitenganisha," alisema daktari, na hapo alisema kweli. Kisha akampigia meneja simu, akamwambia ugonjwa ni wa ukoo tu. Hapo alidanganya, na alijua.

Msoma-moto alikasirika.

"Walituchukua kwa sababu ya ukoo," alisema kwa sauti iliyofika hadi chumba cha dawa. "Wanatutupa kwa sababu ya ukoo huohuo."

Kesho yake alitakiwa abaki nyumbani. Alirudi kiwandani, akilifuata tanuri kwa joto lake maana njia haikuonekana vizuri. Alimkuta bibi na mama wameshafika. Meneja alifurahi kuwaona. Wafu hawali chakula cha mchana. Akaagiza waletewe aproni. Mama alinyoosha mkono kuipokea, kwa mazoea.

"Mama, kaa chini," alisema msoma-moto. "Hawatupati mara ya pili."

Wakakaa sakafuni, migongo kwenye moto. Mjomba alifika baadaye na kigoda chake, akaketi nao.

"Una binti," alisema meneja kwa upole. "Damu ni ileile. Mlete."

"Ukoo wetu ndio huu, umekaa chini. Binti yangu anasuka nywele, na chawa hata awe mdogo vipi anamwona. Abaki hivyohivyo."

Pesa ya upasuaji haikutoka. Meneja alitafuta ukoo mwingine, na kwa vile watu wana shida, aliupata kabla wiki haijaisha. Mwanamke mpya aliwapita kwa adabu waliokaa sakafuni, akawaamkia, akasimama mbele ya mdomo wa tanuri na kukodoa macho.

Msoma-moto aliinuka. Hakumwona sawasawa, lakini alisikia anavyopumua. Akamshika mabega, akamgeuza aelekee ukutani.

"Sasa nikitazama huku, nitajuaje kioo kimeiva?" aliuliza mwanamke.

"Usijue," alisema msoma-moto, na hakumwachia.