Sifuri ya Mwashi

Tangu walipohamia nyumba ya kupanga, binti wa mwashi hakuegemea ukuta wowote. Chumbani alikivuta kitanda chake katikati. Mama yake alikizunguka kila alipopita na ndoo, akijigonga goti pale pale, wala hakukirudisha ukutani. Shuleni wenzake walipigania madawati ya ukutani wapate pa kusinzia, yeye akachukua la kati.

Sababu hakumwambia mtu. Nyuma ya kila ukuta alisikia pumzi. Haikumwita jina wala haikusema kitu. Ilikuwa pumzi fupi ya mtu aliyeshika kitu kizito na hana pa kukitua. Hmm. Kimya. Halafu tena, hmm. Alijua ni ya nani.

Baba yake alikuwa mwashi. Nyumba waliyoishi zamani hakuijenga yeye, na majirani walisema angeijenga yeye ingekuwa imesimama hadi leo. Mvua zilipozidi, mchana kweupe, mama akiwa kazini, ukuta wa nyuma ulianza kuinamia kitanda alicholala mdogo wake. Baba aliuwekea mgongo na viganja, akakaza miguu sakafuni. Hakupaza sauti.

"Mtoe mtoto, mama. Taratibu, usijikwae."

Alimwita mama kwa sababu binti yule alirithi jina la bibi yake, mzaa baba. Chandarua kilikuwa kimemzonga mdogo wake. Binti aliking'oa, akambeba, akatoka naye mbio. Muda wote huo ukuta haukusogea. Walipokwisha vuka kizingiti, ndipo ukaanguka, baba akiwa chini yake.

Sasa mfikirie binti huyo ameketi darasani, mwalimu wa fizikia amebandika viganja ukutani. Wanafunzi walimwita Waya, kwa wembamba wake.

"Nasukuma," Waya alisema. "Jasho linanitoka. Ukuta umesogea?"

"Haujasogea, mwalimu."

"Nimefanya kazi kiasi gani?"

"Kubwa!" darasa likajibu.

"Sifuri. Kazi ni kani mara umbali. Umbali hakuna, kazi hakuna. Nimejichosha bure."

Darasa likacheka. Binti wa mwashi akatazama viganja vile ukutani, na nyuma ya ukuta huo pumzi ikaja, hmm, safari hii karibu mno.

Kuanzia hapo fizikia ilimfungia mlango. Kanuni aliziona ubaoni, akazinakili kwa mwandiko mzuri, na hakuna iliyoingia. Kwenye mtihani likaja swali la mtu anayesukuma ukuta usiosogea: kazi inayofanyika ni kiasi gani? Aliandika: Kazi ilikuwa kubwa kuliko zote.

Waya alilisoma jibu lile mbele ya darasa, ingawa jina hakulitaja. "Mmoja wenu kaniandikia ngonjera," alisema. Wakacheka tena. Kisha akatangaza kwamba walioanguka watarudia mtihani, na atakayeanguka mara ya pili atatolewa darasa la sayansi. Binti alikuwa miongoni mwao. Alitaka kusomea ujenzi. Alitaka kujua kwa nini kuta husimama na kwa nini huanguka, na huko hakuendi mtu bila fizikia.

Jirani yake wa dawati, ambaye wote walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima, ndiye aliyemwona akiikunjakunja karatasi yake ya mtihani. Hakuuliza kitu, jambo lililokuwa geni kwake. Alimenya chungwa, akamsogezea kipande kikubwa.

"Kula. Halafu twende kwa Waya."

"Sitaki."

"Hutaki au unamwogopa? Mtu mwenyewe ukimpulizia anaanguka."

"Ataniambia nimeandika ngonjera."

"Basi tutamwomba aimbe. Inuka, bwana."

Alimshika mkono mpaka mlango wa maabara.

"Shikamoo, mwalimu. Mwenzangu huyu ana shida na kazi."

"Marahaba. Kazi gani?"

"Kazi yenyewe, mwalimu. Ile yako ya sifuri." Kisha Redio akaketi nje kizingitini, mgongo kawageuzia, wasijione wanasikilizwa.

Waya alimwonyesha kigoda kilichokuwa ukutani. Binti akabaki amesimama. Mwalimu akakitazama kigoda, akautazama ukuta, akamtazama yeye. Bila kuuliza alikibeba hadi katikati ya chumba, akaleta na cha kwake, wakakaa wakitazamana.

"Jibu lako nimelisoma tena," alisema. "Uliandika *ilikuwa*. Swali langu halikuwa la jambo lililopita. Nililicheka lile *kubwa*, sikuliona *ilikuwa*. Ilikuwa lini?"

Ndipo binti akamweleza. Alieleza akitazama sakafu, polepole, na kila aliponyamaza alisikia pumzi ikimsubiri nyuma ya rafu za chupa. Waya alivua miwani, akakaa nayo mkononi.

"Na mimi nikasema bure," alisema mwishowe. "Neno hilo halimo kwenye kanuni, mwanangu. Mna kani, mna umbali. Hilo bure nililiongeza mimi, ili mcheke. Nisamehe."

Binti aliinua macho kutoka sakafuni. Hakuwa amewahi kuombwa msamaha na mtu mzima.

"Lakini sifuri siwezi kukufutia," Waya akaendelea. "Ukiandika kingine, nitakukosesha tena."

"Basi baba alifanya nini?" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Alikuwa anahema, mwalimu. Miguu ilikuwa inamtetemeka."

"Na kuchoka kule kulikuwa kwa kweli. Misuli ndani hukaza na kulegea, hukaza na kulegea, inafanya kazi yake na kutoa joto. Mwili wake haukuwa umekaa. Ila swali halituulizi mwili, linatuuliza ukuta. Haya, nipe kiganja. Mimi ni ukuta. Nizuie."

Viganja vikakutana. Waya alisukuma kidogo kidogo, na binti akamzuia. Mikono ilibaki palepale hewani, ikitetemeka.

"Ukilegea, nini kitatokea?"

"Utasogea."

"Kuelekea wapi?"

"Kwangu."

"Na wewe ungekuwa baba, nyuma ya kiganja chako kuna nini?"

"Kitanda," alisema. "Mtoto. Na mimi."

"Ukuta ukisogea kuja kwenu, nani atakuwa amefanya kazi?"

Mkono ulimuuma mpaka begani. Pumzi sasa haikuwa nyuma ya rafu. Ilikuwa kifuani mwake mwenyewe, fupi, ile ile. Hmm.

"Ukuta," alisema. "Ukuta ndio ungefanya kazi. Juu yetu."

"Na mlipokuwa mnatoka, kazi yake ilikuwa kiasi gani?"

"Sifuri."

Alilisikia neno hilo likimtoka, akalirudia taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo. "Sifuri. Ndiyo aliyokuwa anaitaka."

Waya alishusha mkono. Alimpa leso yake, iliyokunjwa vizuri sana, akaenda kusimama dirishani mpaka binti alipomaliza kulia.

Baada ya hapo walirudi kila baada ya masomo, kwenye vile vigoda vya katikati. Redio alikuja pia, akidai anasindikiza tu, akaishia kuelewa somo la nyenzo kabla ya wote. Siku ya mtihani wa marudio lile swali lilikuwepo. Waya angeweza kuliondoa kwa huruma, lakini aliliacha, na hiyo nayo ilikuwa huruma. Binti aliandika sifuri. Aliporudishiwa karatasi, pembeni palikuwa na maneno mawili ya mwalimu: Umebaki kwetu.

Nyumbani mama alikuwa kwenye cherehani, na mdogo wake akichezea vibanio vya nguo sakafuni. Binti aliiweka karatasi juu ya meza. Mama hakusomea mambo hayo, ila alikiona kidole cha mwanawe kilipokuwa kimesimama, akaomba aelezwe. Akaelezwa. Mguu wake ukasimama kwenye kanyagio.

"Kwa hiyo haukusogea?"

"Haukusogea, mama."

"Hata kidogo? Maana mimi kila siku nauona ukimwelemea, kidogo kidogo, na mimi sipo."

"Hata kidogo. Ungesogea, tungekuwa tumekwisha."

Mama alivuta kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye sare ya mtu, akampa chaki ya kushonea.

"Nichoree."

Akachora mishale miwili inayoelekeana, urefu sawasawa, vichwa vimegusana.

"Wa baba yako ni upi?"

Akamwonyesha. Mama aliupitishia ncha ya kidole, kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayechelea kumwamsha aliyelala chumba cha pili, "Na mpaka mnatoka, huu wake ulikuwa hivi hivi?"

"Hivi hivi, mama."