Betri ya Pili

Kinyozi hajinyoi. Mwanamke huyu, fundi umeme wa magari kwa miaka kumi na tisa, aliyafufua magari ya watu mpaka wakamwita Daktari, na nyumbani kwake kulikuwa na gari ambalo kila likiwashwa, kikompyuta cha mumewe kilizimika.

Mume alikuwa mkaguzi wa barabara. Aliendesha huku akitaja mashimo kwa sauti, "Shimo, kushoto, mbuzi anaweza kuoga humu," na kikompyuta, kisichozidi pakiti ya sigara, kikarekodi kutoka nyuma ya dashibodi. Katikati ya mashimo alisema mengine yote: kiatu kinachombana, bosi wake, mkewe. Jioni alipitisha waya kwenye dirisha la sebule na kuhamishia maneno ya siku kwenye kompyuta kubwa. Kabla ya hapo, umeme ukikatika, yote yalikwenda na maji. Ndiyo maana akiwa barabarani hakuzima injini hata akienda haja.

"Nitakutengenezea," mkewe alikuwa akisema. "Kesho."

Juzi asubuhi mume alisema, "Kuna jambo nataka kukwambia," naye akajibu, "Baadaye, nimechelewa," akatoka. Mume akaendesha hadi ofisini, akazima gari, akapanda ngazi, na ngazini moyo ukagoma. Jana wakamzika. Leo Daktari alikuwa kwenye ua wa ofisi ile, boneti juu, akichungulia kitaa cha kijani ndani ya dashibodi. Kilikuwa bado kinawaka. Mtu anayesema kila kitu garini, jambo lile nalo huenda alilisema.

Alikuwa hajalia. Wengine walimsifu kwa subira, wengine wakanong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Yeye alijisikia kama mguu uliokufa ganzi, basi.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, dereva wa lori, alifika na betri ya pikipiki mkononi.

"Pole, shemeji. Umekula?"

"Nimekula," alisema, ingawa hakukumbuka.

"Kwa nini tusilivute tu mpaka nyumbani?"

"Betri imechoka, itakata njiani. Lazima injini iwake ndiyo ichaji. Na starta ikivuta, umeme unashuka, kikompyuta kinazima. Tukikosea, ndiyo basi tena."

Alichukua spana namba kumi, akainama, akaanza kulegeza nati ya kichwa cha betri. Nati ilizunguka nusu.

"We shemeji! Si ndiyo unakizima hapo?"

Mkono ukasimama. Kila fundi umeme huanza hivyo: kabla hujagusa waya wowote, toa hasi ya betri. Somo hilo alilifundisha kwa kufoka, miaka nenda miaka rudi, na leo mkono haukumwuliza. Akaikaza nati. Alijua kwamba alipaswa kushtuka, akangoja kidogo, mshtuko haukuja.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Aliumenya waya wa kikompyuta bila kuukata, akaunga betri ya pikipiki. Kisha upande wa betri kubwa akaukata, akatia katikati dayodi, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ili starta isije ikainyonya betri ndogo. Kazi ya saa moja. Miaka minane alikuwa ameiahirisha, na alilisema hilo kwa sauti, bila uchungu, kama anayesoma namba ya gari.

"Usijitese, shemeji."

"Sijitesi. Washa."

Starta ikakohoa, taa za dashibodi zikafifia, gari likatetemeka, likakubali. Kitaa cha kijani hakikupepesa hata mara moja. Shemeji alipiga usukani kwa furaha.

"Fundi ni fundi bwana! Kaka angekuwepo angecheza!"

"Twende polepole," alisema Daktari. "Usizime mpaka nikwambie."

Saa nane mchana walikuwa nyumbani. Waya ukapita dirishani, kompyuta kubwa ikahamisha yote, na shemeji akaingia jikoni kubandika chai. Kwenye kioo palikuwa na rekodi moja tu. Ilianza leo, saa mbili asubuhi. Alitafuta ya juzi, akatafuta tena, ndipo akaelewa. Kikompyuta kilikuwa na nafasi ya saa sita tu. Kikijaa, kilifuta ya zamani kipate pa kuweka mapya. Sauti ya mumewe ilifutwa juzi ile ile mchana, yeye akiwa anapokea simu za pole. Siku mbili kitaa cha kijani kilikuwa kikilinda ua mtupu.

Hata hivyo aliifungua. Fagio la mlinzi. Kunguru. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Halafu mlango wa gari ukafunguka, kiti kikalia, na mwanamke akasema kwa sauti iliyokauka, "Haya, bwana, nimekuja. Niambie sasa. Nina nafasi." Akanyamaza, kama anayengoja ajibiwe. Kisha akaangua kilio.

Saa ya rekodi ilionyesha saa tatu na nusu, kabla shemeji hajafika. Daktari hakukumbuka kusema hata neno moja.

Shemeji alitoka jikoni mbio, kijiko mkononi, aje kumbembeleza. Alimkuta amekaa wima, macho makavu, akimsikiliza mwanamke yule anavyolia.