Chupa Ilikuwa ya Nani

Jumapili jioni, wageni wakitafuna mabawa ya kuku mbele ya televisheni gerejini kwa Doug Kowalczyk, gari la Ray lilipasua ukuta kama kawaida yake. Lorraine, mke wa Doug, alisogeza sahani. Gari halikuwa na dereva, kwa kuwa Ray alikuwa gerezani. Juu ya boneti alilala marehemu Paulo Furtado, mwoka mikate, mguu umegeukia mgongoni, vioo vimemjaa usoni. Ray alimgonga usiku alipotoka kulewa humo humo gerejini, akamburura hadi darajani.

Paulo alishuka, akaokota meno yake sakafuni.

"Samahani kwa uchafu, mama. Ile wiski ilikuwa ya nani?"

"Ya Doug," Lorraine alijibu, kama alivyomjibu kila jioni. "Ray hata kusimama hawezi, Doug akammiminia tena, eti glasi ya kumsindikiza."

"Basi kesho kamwambie jaji."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa sheria ya Massachusetts, walikoishi, mwenyeji hupona mgeni akija na chupa yake. Mwenyeji akimnywesha mlevi pombe ya nyumbani kwake, damu itakayomwagika ni juu yake.

"Ukifungua domo tu, nyumba imekwenda," Doug alimwambia mkewe wakizoa matofali. "Na barafu alitia nani? Si wewe?"

Mahakamani mjane wa Paulo, aliyemshtaki Doug, alikaa mbele. Lorraine aliapa, akasema, "Chupa ilikuwa ya Ray. Alikuja nayo."

Mjane alimrukia, akamng'oa nywele kwa mafungu. Walinzi wakamlaza kifudifudi, goti mgongoni, hadi pua ikapasuka. Kesi ikafutwa.

Jioni gari lilikuja. Paulo hakuuliza kitu. Alimtazama Lorraine kwa jicho lililobaki, akarudi kulala kwenye boneti. Lorraine aliona aibu, akainamia matofali.

Doug alichoka kuziba ukuta, akatoboa mlango wa upana wa gari. Juu yake akapigilia kibao: KILA MGENI NA CHUPA YAKE.

Jumapili iliyofuata jirani yao Stan alikuwa anayumba, funguo za gari mkononi, bia zake zimekwisha.

"Unakwendaje mkavu hivyo, kaka? Ngoja nikusindikize," Doug alisema, akafungua wiski yake.

Lorraine alitia barafu.