Kuku wa Shukrani

Lidia aliapa kwamba hakumwambia mtu. Binti yake, Tabea, alikuwa amemsihi afunge mdomo, naye akaufunga kweli: majirani wa Mjimwema, pale Njombe, hakuwaambia, akina mama wa kwaya hakuwaambia, hata dada yake wa Matembwe hakumdokezea. Alimwambia Mungu tu. Bahati mbaya, Mungu wa Lidia huambiwa mambo kanisani, kwa kikaratasi na kwa kuku.

Siri yenyewe ilikuwa hivi. Tabea alikuwa anamaliza mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya historia, akisimamiwa na Dokta Hosea wa Makambako, mtu ambaye aliwahi kumrudishia sura nzima ya tasnifu kwa sababu ya mwaka mmoja uliokosewa. "Tarehe ni tarehe," aliandika pembeni kwa wino mwekundu, bila hata salamu. Kisha akamtuma Matembwe kuwahoji wazee juu ya ujio wa misheni. Tabea alirudi na miaka michache, na nyimbo arobaini ambazo akina bibi walikuwa wakiimba wakisaga ulezi. Dokta akazipiga mstari zote. "Hizi zitoe, tubaki na matukio." Tabea alizitoa kwenye tasnifu, lakini kichwani zilikataa kutoka. Alikuwa akizisikia hata anapofua.

Basi akaomba chuo kingine, kimya kimya, kusomea fasihi simulizi. Wakamjibu kwamba nafasi ipo, ila kwa sharti: msimamizi wa zamani ajaze fomu kwamba hana kipingamizi, na kwamba alitaarifiwa angalau siku tano kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Dirisha lilikuwa linafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Na kule kwenye historia, muda wa kujisajili kwa mwaka mpya ulikuwa umepita bila yeye kujisajili. Akikosa huku, kule hayupo. Angebaki na miaka yake ishirini na tisa, katika chumba alichokulia, akiulizwa na kila apitaye, "Masomo yanaendaje?"

Wiki tatu alikuwa akilitafuta jina la Dokta kwenye simu, analiona, anaizima simu. Usicheke. Kuna watu wanaoweza kushika nyoka lakini hawawezi kumpigia simu msimamizi wao.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kusema. Tabea alikwenda kanisani na maneno yake yamepangwa: ibada ikiisha atasogea kwenye miti, penye mtandao mzuri, atapiga, atasema, yaishe. Ibada ikaisha. Watu wakatoka nje kwenye mnada wa sadaka, wamejifunika mashuka kwa baridi ya Julai. Viazi vikauzwa, maparachichi yakauzwa. Kisha mzee wa kanisa Danieli, ambaye kwa ile sauti angeweza kuuza hata jiwe, akainua kuku mweusi aliyefungwa mguuni kitambaa chekundu. Tabea alikitambua kitambaa. Kilikuwa pindo la kitenge cha mama yake.

"Shukrani ya Mama Tabea!" Danieli akasoma kikaratasi. "Anamshukuru Mungu kwa binti yake, ambaye ameacha historia na kuhamia chuo kingine kusomea fasihi. Haya, nani ananifungulia?"

Mkono uliinuka nyuma ya watu. Ulikuwa mkono wa koti la kijivu, na Tabea aliujua kabla hajaona uso. Dokta Hosea alikuwa amekuja Njombe kwenye ubatizo wa mjukuu wa kaka yake. Alipandisha dau mpaka wenzake wakanyamaza. Anayenunua kuku wa mnada kwa kawaida humzawadia mchungaji, au mgeni, na watu hushangilia. Dokta hakumzawadia mtu. Alimtia kuku kwapani, akamtazama Tabea kwa kitambo, akaingia kwenye gari lake na kuondoka.

"Mama, nilikwambia usiseme!" Tabea alilia walipofika nyumbani.

"Nimesema na nani? Nimeshukuru."

"Sijapata bado! Nimekwambia ni kwa sharti!"

"Sasa Mungu nimwekee kuku mpaka Ijumaa?" Lidia aliuliza, naye alikuwa anauliza kwa dhati. "Mimi nimeona wamesema nafasi ipo. Wewe ndiye hukuniambia kama huyo Dokta wako hajui."

Ilikuwa kweli, na kweli hiyo ilimuuma zaidi ya kuku. Jioni ile Tabea alikaa kitandani na simu mkononi. Bado ulikuwa wakati wa kupiga. Lakini angesema nini kwa mtu aliyekwisha kusikia habari mnadani? Hakupiga. Jumatatu akaamka na hesabu moja tu kichwani: siku tano hazipo tena. Akimtaarifu leo, zimebaki nne. Njia pekee ilikuwa kumwomba Dokta Hosea, yeye wa tarehe ni tarehe, aandike tarehe ya uongo. Siku nzima hakula.

Jumanne asubuhi akaenda Makambako. Upepo ulimpokea stendi na vumbi lake, akavuka reli huku ameishikilia fomu kifuani ndani ya bahasha. Mlangoni alisimama muda mrefu. Alikuwa ameamua kugeuka arudi, wakati mke wa Dokta, Mama Hilda, alipofungua dirisha la jikoni, akamsalimu kwa Kibena.

"Kamwene, mwanangu! Ingia, upepo huo utakuua. Baba yenu alisema utakuja leo."

Alisema utakuja leo. Tabea aliingia. Dokta alikuwa sebuleni akisoma, miwani puani.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Kaa. Tule kwanza."

"Dokta, nilikuja kwa sababu..."

"Tule kwanza."

Mama Hilda akanawisha mikono, akaleta ugali na bakuli la mchuzi. Tabea aliona kitambaa chekundu kimeanikwa kwenye waya nje ya dirisha, kimefuliwa kabisa. Basi ndiye huyu. Alikuwa anakaribishwa kumla kuku wa shukrani yake mwenyewe, kabla hajajua kama kuna cha kushukuriwa. Akamega tonge dogo. Akalishushia maji, akamega jingine. Dokta alikula bila haraka, akichambua mifupa na kuipanga ukingoni mwa sahani. Kisha akachukua firigisi, ambayo katika nyumba ile haikuwahi kuliwa na mwingine, akaiweka kwenye sahani ya Tabea.

Mama Hilda aliacha kutafuna. Tabea akaitazama ile firigisi kwa hofu. Inaweza kuwa heshima. Inaweza pia kuwa ya kumuaga, kama mtu anavyotendewa vizuri siku ya kufukuzwa. Aliila yote bila kuonja ladha yoyote.

Vyombo vilipoondolewa, Dokta alinyoosha mkono. "Lete fomu."

Alijaza taratibu, kwa ile kalamu nyekundu. Alipofika kwenye mstari wa tarehe, kalamu ikasimama.

"Ulinitaarifu lini?"

Hapa ndipo Tabea alipokuwa amepanga kupiga magoti. Maneno alikuwa nayo: Dokta, naomba uniandikie wiki iliyopita, ni kitu kidogo, nitaharibikiwa. Akafungua mdomo. Akaona mifupa imepangwa vile ukingoni mwa sahani ya Dokta, iliyobaki mezani, mirefu kwa mirefu, mifupi kwa mifupi.

"Leo," alisema, na machozi yakamtoka. "Nakutaarifu leo, Dokta. Nisamehe. Niliogopa."

"Si kweli."

"Ni kweli, niliogopa..."

"Kuogopa umeogopa, hilo naliona. Nasema tarehe si kweli. Mimi nimetaarifiwa Jumapili, saa sita kasoro robo mchana, nje ya kanisa, mbele ya watu. Chanzo ni mama mzazi wa mwanafunzi. Kuna kikaratasi." Akakitoa ndani ya kitabu chake. Alikuwa amemwomba Danieli kile kikaratasi, akakihifadhi. "Siwezi kuandika Jumanne kwa jambo la Jumapili kwa sababu wewe unalia."

Akaandika. Kisha akavua miwani, na bila miwani alionekana mzee kuliko alivyokuwa.

"Miaka miwili, Tabea. Nilikufanyia nini hata nikawa wa kuambiwa na kuku?"

Tabea alizitaja zile nyimbo, akautaja wino mwekundu, akasema kila mara nikiona jina lako kwenye simu naishiwa nguvu. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililotosha. Dokta aliitikia kwa kichwa, akasaini, akampa fomu. Mlangoni alisema tu, "Zile nyimbo uzipe tarehe. Nani aliimba, siku gani."

Stendi palikuwa na duka la kuchapa na kutuma nyaraka, na msichana wa hapo, Jasmine, aliipitisha fomu kwenye mashine. Picha ilipotokea kwenye kompyuta ndipo Tabea aliposoma mstari wote, kwa herufi nyekundu: *Nilitaarifiwa Jumapili, siku tano kabla, si na mwanafunzi mwenyewe bali na mama yake, kwa njia ya sadaka ya shukrani kanisani. Sina kipingamizi.*

Tarehe ilikuwa inatosha, bila siku hata moja ya ziada. Lakini mtu gani huko chuoni ataipokea fomu ya namna hii? Watacheka. Watauliza, huyu asiyeweza kusema na msimamizi wake atasema na nani?

"Dada, hii sehemu ya kati naifuta sasa hivi," Jasmine alisema, mshale tayari umewekwa juu ya maneno *si na mwanafunzi mwenyewe*. "Hata hawatajua. Watu wanafutisha hapa kila siku."

Tabea alitazama ule mshale. Ulisubiri juu ya maneno. Ingebaki tarehe nzuri, sahihi ya kweli, na mwanafunzi mwenye adabu ambaye hakuwahi kuwepo.

"Acha," alisema. Sauti ilimtoka ndogo, akairudia. "Iache ilivyo. Tuma."

Jasmine akatuma. Mfumo ukaandika kwamba imepokelewa, majibu Ijumaa. Tabea alitoka nje akasimama kwenye upepo, akajua kwamba ataogopa hivi siku tatu nzima, na kwamba safari hii hakuna wa kumlaumu. Simu ikaita. Alikuwa mama yake.

"Amejaza?"

"Amejaza, Mama."

"Ahsante Yesu! Na yule kuku?"

"Tumemla."

Nyuma ya sauti ya mama yake Tabea alisikia mabawa ya kuku mwingine yakipigapiga, na mtu akihangaika kushika mguu wa kitu kisichotaka kushikwa.

"Mama," alisema. "Mwachie huyo. Mwachie mpaka Ijumaa."